Barua ya wazi: Mwenye baiskeli apishe wapi, kama tuta ndiyo nchi kavu pekee?

Kwa Waziri wa Ujenzi,
Watendaji Wakuu wa TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) na TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini),
Wakuu wa Wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi,
Wakurugenzi wa halmashauri, waheshimiwa wabunge na madiwani wa bonde letu.

Yah: Njia ya baiskeli katika barabara za Bonde la Kilombero

Waheshimiwa,

Rimu ya mbele ikifika kijiweni kwangu imepinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa, sihitaji kuuliza. Mwenyewe alikuwa pembeni mwa lami na mzigo wake nyuma, lori likapiga honi, akajitupa nje. Lami inapoishia pana ukingo, na gurudumu likashuka. Alipojaribu kurudi juu kwa mshazari, ukingo ukaishika rimu ukaikunja. Mwenye bahati huja kwangu anasukuma baiskeli yake. Asiye na bahati, baiskeli huletwa na ndugu, yeye akiwa amelazwa.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ifakara. Nilianza nikiwa kijana wa kushika pampu kwa fundi aliyenitangulia, enzi ambazo kwenda Lupiro, ng'ambo ya mto Kilombero, ulisubiri pantoni, na maji yakijaa sana ulirudi nyumbani. Kazi zetu wakati ule zilikuwa za tope: cheni zilizosagwa na mchanga, beringi zilizokufa, fremu zilizokatika kwa mashimo. Sasa tope limepungua. Kilichoongezeka ni rimu, usukani uliopinda, na watu wenye bandeji.

Lami siilaumu. Niliililia kama wenzangu wote. Kidatu hadi Ifakara ni kilomita 66.9, na tunaozikumbuka zikiwa vumbi tunajua mgonjwa wa rufaa aliteseka zaidi njiani kuliko wodini. Daraja la mto Kilombero, lile la mita 384 lililozinduliwa Mei 2018 na kupewa jina la Magufuli, lilituondolea hofu ya miaka mingi. Aliyekuwapo Januari 2016, kivuko kilipopinduka mtoni, hawezi kulipita daraja lile bila kushukuru. Kwa hiyo siandiki kulaumu yaliyokwisha kujengwa. Naandika kwa sababu kazi bado haijaisha: barabara ya Ifakara kwenda Mlimba kupitia Idete, Mbingu na Mngeta, na ile ya Lupiro kwenda Malinyi kupitia Itete na Mtimbira, ziko ama kwenye ujenzi ama kwenye mipango ya lami. Zote mbili zinapita pembezoni na katikati ya maji. Kosa likifanyika kwenye mchoro sasa, wajukuu zetu wataendelea kulilipia.

Niwaeleze nchi yenyewe, maana wengi wenu mnaipita kwenye gari lenye vioo vimefungwa.

Bonde hili ni tambarare kiasi kwamba maji yakishafika hayaoni haraka ya kuondoka. Kaskazini magharibi milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta, kusini mashariki ipo ya Mahenge, na katikati mto Kilombero unajipindapinda mpaka unakutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka huku kwetu. Mwaka 2002 kilomita za mraba 7,967 za bonde hili ziliandikishwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Wataalamu wanatujua kwa sheshe, swala yule wa majani ya majini, na kwa mnana wa Kilombero, ndege mdogo wa manjano anayesuka kiota kwenye matete, ambaye sayansi ilimtambua mwaka 1990 tu. Sisi wenyewe tunajijua kwa mpunga, kambale na baiskeli.

Baiskeli ilipatana na nchi hii tangu zamani. Mtu anayepanda Mahenge atasukuma nusu ya safari. Wa Minepa anatoka mlangoni kwake mpaka sokoni Ifakara hajashusha mguu. Lakini baiskeli ya dukani haitufai ilivyo. Keria tunaitoa na kuchomelea nyingine ya nondo. Spoku tunaweka nene. Stendi inakuwa ya miguu miwili, ili isimame na gunia la mpunga bila kulala. Baiskeli iliyotengenezwa hivyo hubeba mikungu ya ndizi, ndoo za maziwa, tenga la samaki wakavu, mkaa, mabati, na mama mjamzito wa kwenda kliniki. Mtoto wa darasa la tano ambaye miguu haijafika chini huiendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba la fremu. Hii ndiyo daladala yetu, lori letu na gari letu la wagonjwa, na haijawahi kudai mafuta serikalini.

Sasa naomba mnisikilize kwenye jambo ambalo ramani haioneshi.

Ninaposema tuta sisemi yale matuta ya kupunguza mwendo wa magari. Nasema udongo uliojazwa, ukamwagiwa maji na kushindiliwa ili barabara ikae juu ya mafuriko. Katika nchi ya vilima, mwenye baiskeli akiogopa gari ana pa kukimbilia: kuna kichochoro nyuma ya nyumba, kuna njia ya ng'ombe, kuna shamba la mahindi lililovunwa. Huku kwetu kuanzia mwezi wa tatu maji yanasimama pande zote mbili. Njia za miguu zinazama. Majaruba yanakuwa ziwa. Kuanzia Kivukoni kuelekea Minepa, tuta la barabara linakuwa ndiyo nchi kavu pekee inayoonekana, na juu yake yumo kila mwenye uhai: lori la mpunga, basi, bodaboda, bajaji, ng'ombe, mtoto wa shule, na mkulima mwenye gunia kwenye keria. Lori likija mbele na basi likija nyuma, mwenye baiskeli ana mambo mawili. Ashike lami na kuomba Mungu, au ashuke kwenye mteremko wa tuta, ambao chini yake kuna maji na matete, na mzigo wake unamvuta kwanza kabla yeye hajafika.

Jirani yangu alishuka hivyo msimu wa mavuno uliopita. Mpunga wa gunia zima ulimwagika majini, na mpunga ule ulikuwa ada ya mtoto. Mkono ulivunjika. Gari halikusimama, na sidhani dereva alijua kilichotokea nyuma yake, kwa sababu hakumgusa. Ndiyo maana ajali kama hizi haziandikwi popote. Hakuna aliyegongwa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na ndilo zito kuliko yote: njia ya baiskeli iingie kwenye mchoro kabla tuta halijainuliwa.

Wahandisi wenu wanalijua hili kuliko mimi, lakini nimewauliza mafundi waliofanya kazi barabarani nao wameniambia kitu kimoja. Upana wa barabara kwenye nchi ya maji hauamuliwi na lami, unaamuliwa na kalavati, lile bomba la kupitishia maji chini ya barabara. Ukishalaza kalavati na kujenga kuta zake za mwisho, umekata upana wa tuta kwa miaka mingi ijayo. Ukitaka kuongeza mita mbili baadaye, uvunje zile kuta, uongeze bomba, ulete udongo mpya kutoka mbali, uushindilie ushikane na ule wa zamani, na mvua ya kwanza ikupime kama vimeshikana kweli. Kuongeza mita mbili kwenye karatasi ni kazi ya siku chache. Kuziongeza baada ya makabidhiano ni mradi mwingine, na mradi mwingine huku kwetu maana yake ni kusubiri mpaka mtu azeeke.

Ardhi ipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na watu wamewekewa alama za X kwenye nyumba zao kwa ajili ya mita hizo. Sisi tunaomba mbili kati ya 30. Mita mbili kila upande, zilizo sawa na lami au chini yake kidogo, zikitenganishwa na magari kwa ukingo wa zege au hata nguzo fupi, zinatosha mwenye baiskeli yenye gunia kupishana na mwenzake.

Na msiniambie haijawahi kufanyika. Dar es Salaam, pembeni mwa njia ya mwendokasi ya Morogoro Road, iliwekwa njia ya baiskeli, katika jiji ambalo baiskeli huziona kwa nadra kati ya pikipiki na magari. Lakini mfano unaonigusa zaidi uko hapa hapa, kwenye barabara yetu ya Kidatu hadi Ifakara. Chini yake imejengwa njia ya tembo. Tembo wa Udzungwa na wa Hifadhi ya Nyerere wana mapito yao ya kale ya kuvuka bonde, na wajenzi walikubali kwamba barabara haiwezi kuyafunga, ikaachwa nafasi wapite chini magari yakipita juu. Nilifurahi sana niliposikia, na bado nafurahi. Ina maana kuna watu waliokaa mezani wakauliza: ni nani mwingine anayepita hapa, na alikuwa anapita tangu lini? Naomba swali hilo hilo liulizwe kwa ajili ya baiskeli.

Kwa barabara ambayo tayari ina lami, hatudai ivunjwe. Mabega yake, ile sehemu ya pembeni nje ya njia ya magari, yanaweza kuokoa watu wengi kama yatatunzwa. Ukingo ule wa lami ujazwe usawa kila mwaka baada ya masika, maana mvua huchimba udongo wa pembeni na kuacha ngazi. Kwenye maingilio ya vijiji, yale matuta madogo ya mfululizo tunayoyaita rasta yasikatize mpaka mwisho wa bega; iachwe mita moja ya kupita baiskeli. Anayeyachora huenda hajawahi kuyapita akiwa na mayai au mgonjwa kwenye keria. Gari linatikisika kidogo, baiskeli yenye mzigo inapoteza mwelekeo, na mwenyewe huhamia katikati ya barabara ili ayakwepe, pale pale magari yanapofunga breki.

Hapa lazima niseme na wenzangu pia, maana barua hii wataisoma. Msimu wa mavuno tunaanika mpunga kwenye bega la barabara. Tunatandika maturubai kutoka nyumba hadi nyumba kwa sababu lami inashika joto na mpunga unakauka haraka. Mimi mwenyewe nimeanika. Kila turubai linalotandazwa pale linamsukuma mwenye baiskeli mita moja zaidi kuelekea kwenye magari, na yule mwenye baiskeli ni mtoto wa mmoja wetu. Serikali za vijiji zikitenga viwanja vya kuanikia, hata vya udongo ulioshindiliwa, sisi tutaondoka barabarani. Bodaboda nao wakipewa maegesho yao watatuachia bega.

Lipo jambo la pili ambalo ni la TARURA na halmashauri, nalo halihitaji lami kabisa.

Nyuma ya barabara kuu kuna mtandao mzima wa njia ambazo hazimo kwenye ramani yoyote: kingo za mifereji ya umwagiliaji, njia za kati ya majaruba, njia zinazofuata reli ya TAZARA, vijia vya kwenda mitoni kwenye kambi za wavuvi. Kiangazi unaweza kuendesha siku nzima huko usikutane na gari. Tatizo ni vivuko. Mfereji mmoja wenye upana wa hatua nne, uliotandikwa magogo mawili yaliyooza, humlazimisha mtu kuzunguka mpaka barabara kuu. Daraja dogo la zege au mbao ngumu, la kupita baiskeli na ng'ombe, linafungua kijiji kizima. Anzeni na vivuko vya njia za shule. Walimu wakuu na wenyeviti wa vitongoji watawaonesha, wanavijua kimoja kimoja.

Na njia hizi ziwekewe namba. Wazo hili si langu. Mkoa wa Limburg, Ubelgiji, ulianza mwaka 1995 kuweka namba kwenye kila njiapanda ya baiskeli, na Uholanzi ikafuata. Mtu hahitaji kujua jina la kila kijiji, anaandika kwenye kiganja: 14, 22, 23, 31, na nguzo zinampeleka. Huku kwetu faida itakuwa kubwa kuliko ya matembezi. Mama akishikwa na uchungu shambani, atakayepiga simu kuita gari la wagonjwa leo atasema "tupo kule kwenye mwembe mkubwa, ukipita kwa mzee fulani". Akisema "tupo nguzo namba 22" hata dereva mgeni atafika. Nguzo ni bomba la chuma, rangi nyeupe na namba nyeusi. Vijana wa kuchomelea tunao.

Kuna tahadhari moja naitoa kwa nguvu zote, kwa sababu naogopa ombi langu lisije likatumika vibaya. Tusijengewe matuta mapya ya kukatiza bonde kwa jina la njia ya baiskeli. Kila tuta linalokatiza maji ni ukuta. Kama kalavati ni chache, upande wa juu maji yanapanda majumbani, upande wa chini majaruba yanakauka kabla ya wakati, na kambale anayehama na mafuriko kwenda kutaga anagonga kichwa. Mto Lumemo ukifurika hapa mjini tunaona wenyewe maji yanavyotafuta njia yaliyozibiwa. Njia ya baiskeli ikae juu ya matuta yaliyopo na yale ambayo yatajengwa kwa vyovyote, na kalavati ziongezwe, zisipunguzwe. Sehemu za ndani za mbuga, anakozalia sheshe na mnana anakosuka, ziachwe bila njia yoyote.

Uholanzi nimeitaja, nami nina sababu. Ni nchi tambarare ya mito na matuta ya kuzuia maji kama hii, na watu hudhani Waholanzi walizaliwa na njia za baiskeli. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa kwenye barabara zao, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi wakaingia barabarani kudai, na madai yao yakawa na jina ambalo kwa Kiswahili ni "acheni mauaji ya watoto". Njia zao zimejengwa baada ya vilio vile. Sisi tunayo nafasi ya kujenga kabla.

Wageni nawataja kwa ufupi, kwa kuwa najua fedha mara nyingi hutafutwa kwa jina lao. Wanaokuja Mang'ula kupanda Udzungwa na kuona maporomoko ya Sanje hushinda siku moja au mbili kisha huondoka, kwa sababu bonde lililo miguuni pao hawaoni namna ya kuliingia. Kutoka Sanje hadi Ifakara barabara inatembea chini ya mlima bila kupanda kilima cha maana, mashamba ya miwa yanafuatwa na mpunga, jioni ukuta wa Udzungwa unageuka bluu. Wenye baiskeli nyembamba za mashindano wameanza kupita. Mmoja alisimama kwangu kuziba pancha akaniuliza kama kuna njia nyingine isiyo na malori. Nilimwonesha kwa kidole majaruba, halafu nikakumbuka yale magogo mawili yaliyooza, nikamwambia arudi barabarani awe mwangalifu.

Waheshimiwa, nawakaribisha. Msije kiangazi, wakati kila kitu kimekauka na barabara inaonekana pana. Njooni mwezi wa nne. Baiskeli nitaziandaa mimi, zenye keria ya nondo na breki nzima, na kila mmoja wenu atabeba debe mbili za mpunga nyuma. Tutaondoka Kivukoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, malori yakiwa bado machache, tuvuke daraja, tupite Minepa mpaka Lupiro, tunywe chai. Kisha turudi saa kumi jioni, yakiwa yamejaa barabarani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi baiskeli,
Ifakara, Morogoro.